Kilio cha Nyumbani na Kazi ya Jirani

Katika mji wa Antiokia, kabla ya mwaka wa 397, padri mmoja alikuwa akiwaeleza wakristu Barua ya kwanza ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto. Padri huyo ni yule tunayemwita leo Mtakatifu Yoane Krizostomo. Katika hotuba yake ya ishirini na sita alisema juu ya waume wanaopiga wake zao. Aliwakumbusha jambo ambalo kila mtu wa mji alilijua: kilio kinatoka nyumbani, kinapita katika vichochoro, na majirani pamoja na wapita-njia wanakimbilia mlango ule, kama watu waliosikia kwamba mnyama mkali ameingia mle ndani. Krizostomo aliona haya kwa ajili ya mume yule. Alifundisha kwamba hakuna kosa la mke linaloweza kumlazimisha mume amwinulie mkono. Tena alionyesha kwamba hata sheria za wapagani hazikumlazimisha mke aliyetendwa hivyo akae na mtu aliyempiga.

Inafaa tuwaangalie wale majirani. Wao walikimbia. Hawakusema, kama tunavyosema sisi mara nyingi, kwamba mambo ya nyumba hayatoki inje. Basi, tukifuata historia ya Eklezia juu ya jambo hili, toka Antiokia mpaka Kivu yetu, tunakuta swali moja tu: kilio kikisikiwa, nani atakwenda, na akifika mlangoni atafanya nini?

I. Mafundisho ya kale

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake, anatuambia habari za mama yake Monika. Katika mji wao wa Tagaste, wanawake wengi walikuwa na alama za mapigo usoni. Wakaja kwa Monika kulalamika, nao walishangaa kwamba Patrisio, mtu mwenye hasira kali, hakumpiga mke wake hata mara moja. Monika aliwapa shauri la kunyamaza wakati wa hasira na kukumbuka kwamba kwa mapatano ya ndoa wamekuwa watumishi. Agostino anaandika kwamba waliofuata shauri lile walimshukuru.

Shauri hili limehubiriwa katika makanisa mengi, hata kwetu. Lakini tulisome jinsi lilivyo. Monika alikuwa mwanamke kati ya wanawake, pasipo uwezo wa kumshika mume wa mtu mwingine. Aliwapa rafiki zake dawa aliyokuwa nayo. Na katika habari yote ile hatusikii kwamba mtu mmoja alikwenda kusema na wale waume. Mwenye kuchukua busara ya mtakatifu mmoja, aliyeishi na bwana asiyempiga, na kuigeuza sheria kwa kila mke anayevunjwa mifupa, huyo hakumfuata Monika. Amewafuata wale walionyamaza.

Agostino mwenyewe, alipokuwa askofu, alikutana na shida iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Agosti 410 Wavisigoti wa Alariki waliteka Roma na kuipora. Wanawake wengi walishikwa kwa nguvu, hata mabikira waliojitoa kwa Mungu. Watu wakaanza kuwasema vibaya. Wapagani wakawacheka wakristu. Muda mfupi baadaye Agostino alianza kuandika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, na katika sehemu yake ya kwanza kabisa aliwatetea wanawake hao. Alifundisha kwamba usafi wa moyo unakaa katika mapenzi ya mtu; kama mapenzi hayakukubali, dhambi ya mtu mwingine haiwezi kumchafua yeye. Tena alikataa sifa ambayo Waroma walimpa Lukresia, yule mke wa zamani aliyejiua baada ya kunajisiwa. Mwanamke aliyetendwa ubaya hana deni la kulipa kwa maisha yake.

Ndugu wapenzi, tupime maneno ya kinywa chetu kwa fundisho hilo. Kwa Kiswahili tunasema kwamba mwanamke “amenajisiwa”, na mara tunamtazama kama mtu mwenye najisi. Mume anamfukuza, wakwe wanadai ng’ombe zao, wenzake wanakaa mbali naye. Lakini Agostino alikwisha kutufundisha, miaka zaidi ya 1600 iliyopita, kwamba najisi yote inabaki kwa yule aliyetenda.

Neno la tatu latoka katika Mtaguso wa Trento. Tarehe 11 Novemba 1563 Mababa wa Mtaguso walitoa amri juu ya ndoa, ile inayoitwa Tametsi. Wengi tunaikumbuka kwa sababu ilitaka ndoa ifungwe mbele ya padri wa parokia na mashahidi. Lakini sura yake ya sita ilisema juu ya mwanaume anayemwiba msichana apate kumwoa. Mtaguso ulikataa kabisa kwamba ndoa iweze kuwa kati yao wakati msichana angali mikononi mwake. Mwizi huyo na wote waliomsaidia walitengwa na Eklezia. Tena alilazimishwa kumpa mwanamke mali ya kumfaa, amwoe au asimwoe. Hata leo kizuizi hicho kimo katika Sheria ya Eklezia ya 1983, kanuni ya 1089.

Kama tungalifuata sura hiyo moja tu, mapatano mangapi yangalikatazwa katika vijiji vyetu! Maana tunajua desturi: kijana ameshika binti wa watu kwa nguvu, wazee wa pande mbili wanakutana, mbuzi wanatolewa, kisha binti anapelekwa kwa yuleyule aliyemwumiza awe bibi yake. Watu wanasema kwamba haya imefunikwa. Trento ilikwisha kusema kwamba hiyo si ndoa.

II. Desturi na sheria katika inchi yetu

Tusidharau wazee wetu. Katika makabila yetu mengi, mke aliyepigwa aliweza kukimbilia kwa baba yake. Mume alipaswa kumfuata kule pamoja na watu wake, kujieleza mbele ya wazee, kutoa faini, na ndipo mke alirudishwa. Huo ulikuwa ulinzi wa kweli, maana mwanaume alijua kwamba nyuma ya mkewe kuna watu. Lakini baraza lile lilitafuta kwanza amani ya jamaa mbili na usalama wa mahari. Mwenyewe mwanamke hakuulizwa mara nyingi. Na walipohamia mijini na kwenye machimbo, mbali na baba na wajomba, ulinzi ule ulikatika, na kipigo kikabaki.

Sheria za Leta nazo zilikwenda polepole. Kitabu cha Sheria za Jamaa, cha tarehe 1 Agosti 1987, kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kijana akiwa na miaka 18. Tena kilimwagiza mke amtii mume wake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ilikataza ndoa ya watoto, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iligeuza kile Kitabu cha Jamaa na kuwapa bwana na bibi haki zilizo karibu zaidi na usawa.

Juu ya ubakaji wenyewe, badiliko kubwa lilikuja tarehe 20 Julai 2006, siku zilipotoka sheria mbili pamoja. Ya kwanza ilieleza wazi kosa hilo na kuweka adhabu ya kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Ya pili iliagiza namna ya kufuata kesi: ziishe ndani ya miezi mitatu, munganga aitwe, na malipo ya faini yasizime kesi. Maana yake ni hii: mbuzi ya wazee haifuti tena kosa mbele ya Leta. Mwaka uleule, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu yake ya 15, iliwapa wakubwa wa inchi kazi ya kuondoa ubaya huo.

Na Eklezia? Mwaka wa 1961, Maaskofu wa Congo walipokutanika Léopoldville, waliamua kwamba ukristu ujengwe katika jumuiya ndogo zenye uhai. Kwetu Bukavu tunaziita mashirika. Wakati ule hakuna aliyefikiri juu ya shida tunayoisema hapa. Lakini ndipo tulipopewa majirani kwa mara ya pili. Mahali pa baba na wajomba walioachwa mbali, mama wa mjini alipata watu wa shirika lake, wanaokutana kila juma karibu na mlango wake. Tangu miaka ya 1950 jimbo la Bukavu lilikuwa pia na Kituo Olame kwa kazi ya kuendeleza wanawake. Vita ilipoanza kuwaharibu, kituo hicho kikawa kimoja cha milango waliyoweza kubisha.

Hapa tumtaje Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkatalia mkubwa wa askari waasi, naye Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Tunamheshimu kwa haki. Lakini mhubiri ajihadhari. Katika kanisa wanakaa akina mama walioshikwa kwa nguvu nao wakabaki wazima. Wakisikia kwamba utakatifu wa Anuarite ni kufa tu, watafikiri kwamba kosa lao ni kuishi. Mhubiri asimseme Anuarite pasipo kumkumbuka Agostino.

III. Panzi na Kavumu

Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilileta katika Kivu ubaya ambao wazee hawakuwa na jina lake. Watu wenye silaha walishika wanawake mbele ya watoto na waume zao, kwa kusudi la kuvunja kijiji kizima. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Tarehe 29 Oktoba mwaka uleule Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyesema kwa nguvu kwa ajili ya watu wake, aliuawa Bukavu.

Munganga aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya Lemera, Denis Mukwege, mwana wa pasteri wa Kipentekoste, alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka wa 1999. Ilikusudiwa hasa kwa mama wanaozaa, lakini mgonjwa wa kwanza wa kupasuliwa alikuwa mwanamke aliyeharibiwa na watu wenye silaha. Waganga wa Panzi walitambua upesi kwamba kisu cha munganga hakitoshi. Mama aliyeponywa mwili alirudi na huzuni ya moyo; aliyetulizwa moyo alikuta bwana amemfukuza; aliyepata nyumba alikutana njiani na yule aliyemtenda. Ndiyo sababu waliunganisha kazi nne mahali pamoja: dawa za mwili, matunzo ya moyo, msaada wa sheria, na kazi ya mikono ya kumpa mama riziki yake. Mwaka wa 2018 Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Mahali pa kujifunza zaidi, ingawa kwa uchungu mwingi, ni Kavumu. Kijiji hiki kiko katika inchi ya Kabare, kilomita karibu 30 kaskazini ya Bukavu, penye kiwanja cha ndege. Tangu mwaka wa 2013 mpaka 2016 watoto wa kike karibu 40, wengine wachanga kabisa, walichukuliwa usiku nyumbani mwao wazazi wakilala, wakaharibiwa, wakaachwa mashambani. Waliofanya hivyo waliamini kwamba damu ya mtoto bikira itawalinda vitani. Kundi lao lilijiita Jeshi la Yesu, na mkubwa wao, Frédéric Batumike, alikuwa depite wa jimbo.

Tufikiri juu ya jina hilo. Watu walilibeba Jina ambalo kila goti linalipigia, nao waliingia nalo usiku nyumbani mwa maskini. Je, kuna kufuru iliyo kubwa kuliko hiyo? Na sisi tuliokabidhiwa Jina lile, ni nani atakayewaonyesha watu wa Kavumu sura yake ya kweli?

Kwa muda mrefu kila jamaa ililia peke yake. Kila kesi iliandikwa mbali, kama kwamba mwizi mmoja amefika nyumba moja. Waganga wa Panzi, waliopokea watoto hao mmoja mmoja, ndio walioona kwamba vidonda ni vya namna moja na vinatoka mahali pamoja. Wazazi, watetezi wa haki, maavoka, waandikaji wa magazeti na mashirika ya kigeni kama TRIAL International na Waganga kwa ajili ya Haki za Watu wakaunganisha nguvu. Mwaka wa 2016 kesi zile zilikusanywa kuwa moja mikononi mwa waamuzi wa kijeshi, na mwezi wa Juni Batumike alikamatwa. Maneno ya watoto yalikuwa yamechukuliwa katika picha na sauti, mbele ya watu waliojua kusema na watoto, ili wasiulizwe tena na tena mbele ya watu wote.

Tarehe 9 Novemba 2017 tribinali ya kijeshi ilikuja yenyewe kukaa Kavumu. Mama waliofika kushuhudia walifunikwa wasijulikane. Tarehe 13 Desemba 2017 hukumu ilitolewa: watu 11, pamoja na Batumike, wafungwe maisha yao yote kwa kosa juu ya ubinadamu, yaani kwa kunajisi na kuua. Mwezi wa Julai 2018 tribinali ya juu ilithibitisha hukumu hiyo kwa yule mkubwa na wenzake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Munganga peke yake angaliendelea kushona vidonda. Mwamuzi peke yake angalikosa mashahidi. Wazazi peke yao wasingalisikiwa mbele ya mtu mkubwa kama depite. Waliposhikana, usiku wa Kavumu ulipata mwisho. Lakini tuseme na upande wa pili: ilipita miaka mitatu kabla hawajashikana, na katika miaka ile watoto waliendelea kuchukuliwa.

IV. Yatupasayo

Mwezi wa Februari 2025 vita ilifika tena Kavumu, kisha waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Kila vita inapopita, ofisi zinafungwa, waamuzi wanakimbia, barabara zinakatika. Mpashwa habari wa kwanza anabaki yule wa zamani: jirani, katekista, mkubwa wa shirika, padri. Ndiyo sababu historia hii si ya kusoma tu.

Kwanza, tusimrudishe mama mahali pa hatari kwa neno la kuvumilia. Sheria ya Eklezia ya 1917, kanuni ya 1131, ilikwisha kumruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake kwa sababu ya ukali uliopita kiasi. Sheria ya 1983, kanuni ya 1153, yasema vilevile kwa mwenye kuhatarisha roho au mwili wa mwenzake au wa watoto. Na kama kukawia ni hatari, anayeumizwa aweza kutoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha Sakramenti hakikatiki kwa hiyo, na hakuna ndoa mpya; lakini mlango wa nyumba unaweza kufungwa mbele ya kipigo. Papa Fransisko, katika barua yake Amoris laetitia ya 2016, alikemea kwa maneno makali mapigo ya nyumbani, na alikubali kwamba mara nyingine kutengana hakuepukiki. Padri anayemwambia mama kwamba Eklezia yamkataza kukimbia, anafundisha kitu ambacho Eklezia haifundishi.

Pili, tujue njia mbele ya wakati. Mtoto au mama aliyeshikwa kwa nguvu afikishwe kwa munganga upesi, kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia ukimwi haifai tena baadaye. Katekista akijua kituo cha afya kilicho karibu, avoka anayesaidia maskini, na mama wa shirika anayeweza kumlaza mgonjwa usiku mmoja, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Kuanza kuuliza njia siku ya shida ni kuchelewa.

Tatu, tusikae katika baraza la mbuzi. Kupatanisha ni kazi yetu, lakini upatanisho hauwezi kuwa bei ya kumnyamazisha aliyeumizwa. Tena tuseme na wanaume. Katika mafundisho ya ndoa, kijana asikie wazi, kabla hajatoa mahari, kwamba ng’ombe hazikununua mwili wa mtu.

Nne, tujiangalie sisi wenyewe. Mwaka wa 2019 Papa Fransisko, katika amri yake Vos estis lux mundi, aliwalazimisha mapadri na watawa kupasha habari kwa wakubwa wa Eklezia wakijua kwamba mmoja wao ametenda ubaya wa namna hii, au kwamba mkubwa ameufunika. Siri ya Kitubio haiguswi kamwe. Lakini siri ya urafiki, siri ya kulinda jina la seminari au la parokia, hiyo si Sakramenti. Hatuwezi kukimbilia mlango wa jirani na kufunga wa kwetu.

Mwisho, tusiogope kufanya kazi na wasio wa kanisa letu. Panzi ni ya ndugu Wapentekoste. Maavoka wengine hawasali popote. Wakubwa wa Leta wana shida zao. Yule Msamaria wa Injili hakuwa mtu wa hekalu la Yerusalemu, lakini ndiye aliyejua kumpeleka mjeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kumwachia dinari mbili za matunzo. Hata yeye hakufanya kazi yote peke yake. Na kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili wa njia walikuwa watu wa mahali petu.